Baridi Yabisi na Mafuta ya Uta: Siku Saba Rusinga



Tangu tarehe 15 Oktoba 2025 neno moja lililokuwa geni limeingia vinywani mwa Wakenya na halijatoka. Siku hiyo Raila Odinga, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wetu, alifariki Koothattukulam, mji mdogo wa jimbo la Kerala, kusini mwa India, alikokuwa amekwenda kwa matibabu ya Kiayurveda. Alianguka akiwa katika matembezi ya asubuhi, akakimbizwa hospitali iliyo karibu, na siku yake ikawa imetimia. Kabla ya hapo familia hiyo ilikuwa na habari nyingine na mji huo huo. Binti yake Rosemary, aliyepoteza uwezo wa kuona baada ya maradhi ya ubongo mwaka 2017, alitibiwa huko katika hospitali ya macho ya Sreedhareeyam, nayo ni ya Kiayurveda, na ikatangazwa kwamba ameanza kuona tena. Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliisimulia habari hiyo redioni mwezi wa Februari 2022. Basi kwa baadhi ya watu Ayurveda ni dawa iliyomrudishia binti nuru ya macho, na kwa wengine ni dawa iliyomshinda baba.

Sisi hatukukaa kuandika ili tuamue baina ya makundi hayo mawili. Jambo letu ni dogo zaidi. Tunataka kueleza habari ya mafuta ya moto, duara la unga wa ngano, mikono ya mtu mmoja, na mgongo wetu wenyewe.

Mgongo huo umetusumbua huu mwaka wa sita. Anayesomesha madrasa hukaa chini juu ya mkeka, amejikunja juu ya juzuu, tangu alasiri mpaka karibu na Isha, na akifanya hivyo kwa miaka thelathini mwili humwandikia hesabu yake. Maumivu yetu huanza kiunoni, yakateremka nyuma ya paja la kushoto, yakaishia kwenye muundi kama waya uliopitishwa motoni. Picha ya hospitali ilionyesha kwamba diski iliyo baina ya pingili ya nne na ya tano imefura na kuubana mshipa wa fahamu. Daktari alisema si lazima kupasua. Vidonge vya maumivu tulivinywa mpaka tumbo likalalamika, ikabidi tuvipunguze. Hijama tulipigwa mara mbili, ikatupa wepesi wa siku chache, alhamdulillahi, kisha hali ikarejea.

Mwaka wa tatu tukaanza kusali juu ya kiti, na mbele ya safu akasimama naibu wetu. Ruhusa ya mgonjwa kusali ameketi tunaijua, na tumeisomesha watu mara nyingi tukiwatoa wasiwasi wazee waliokuwa wakijilazimisha. Walakini ruhusa ni kitu kimoja, na hamu ya paji la uso kugusa ardhi ni kitu kingine. Aliyewahi kuinyimwa sajda atatuelewa bila maneno mengi.

Mwezi wa Desemba uliopita, Rajab ikiwa imeandama, mwanafunzi wetu wa zamani alituomba twende Mbita tukafungishe nikahi ya dada yake. Ni kijana wa Kisuba, mtoto wa kisiwa cha Rusinga, aliyesoma kwetu Mombasa miaka minne na sasa anasomesha watoto wa Waislamu wachache wa upande ule. Treni ya kwenda Nairobi haikuwa na neno. Basi la usiku ndilo lililotuvunja: Narok, Bomet, Kisii, Rongo, kisha Homa Bay, na kutoka hapo hadi Mbita, kila tuta la barabarani likipiga muhuri wake kiunoni. Tulipofika tulishushwa na watu wawili, mmoja huku na mmoja huku, kama gunia.

Rusinga zamani iliungana na Mbita kwa tuta la mawe na udongo, na sasa kuna daraja ambalo maji ya ziwa hupita chini yake. Kisiwani humo ndipo lilipo kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi mwaka 1969 akiwa na umri wa miaka 38. Wenyeji ni Wasuba, ingawa lugha inayosikika njiani ni Kijaluo. Masikioni mwa mtu wa pwani jina la kisiwa lina mlio wa kusinga, na tulipomwambia mwenyeji wetu alicheka sana, kwani wao hawana habari na singo letu wala liwa letu.

Usiku tuliona taa za wavuvi wa omena zimetapakaa juu ya maji kana kwamba mji mwingine umejengwa ziwani. Asubuhi wanawake huzipokea ndoo, wakatandaza omena juu ya nyavu zilizolazwa mchangani, kisha wakazigeuzageuza jua linapopanda, wote wameinama kuanzia kiunoni, nusu ya siku. Wanaume nao wamekesha wakivuta nyavu. Hatujapata kuona mahali penye wenye maumivu ya mgongo wengi kiasi kile, na hakuna anayeyaita maradhi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba hakuna ugonjwa unaowalemaza watu wengi kuliko huo. Tukitazama ufuo ule wa asubuhi, hesabu hiyo haikuwa ngumu kuiamini.

Siku ya pili, baada ya nikahi, mwanafunzi wetu alituona tunavyosimama kwa kushika ukuta.

"Maalim," akasema, "kuna mtu hapa anakanda kwa mafuta, namna ya Kihindi. Wavuvi wote huenda kwake."

Tukamwuliza, "Anasoma nini anapokanda?"

"Hasomi kitu, Maalim. Ni Msabato."

Mtu huyo ni wa makamo, na jina lake hatutalitaja kwa kuwa hakupenda. Alikwenda Diani kijana, akafanya kazi ya usafi katika hoteli moja ya pwani, na hoteli ile ilipoleta wakandaji kutoka Kerala kwa ajili ya wageni, yeye akatolewa kwenye fagio akawekwa kuwasaidia. Aliwachotea maji, akawapashia mafuta, mwisho wakamfundisha. Mwaka 2020, korona ilipofunga mahoteli, alirudi kwao na ujuzi wake mikononi. Kiswahili chake ni cha Ukunda kabisa. "Shikamoo sheikh, karibu, pole na safari," akatuambia mlangoni, nasi tukasahau kwa muda kwamba bahari iko mbali.

Kabla ya kulala kwenye meza yake tuliweka masharti matatu, na tunayataja kwa kuwa wasomaji wetu watayauliza. La kwanza ni stara: baina ya kitovu na magoti hapafunuliwi, na nguo haitoki. Akasema hata wavuvi huwakanda hivyo. La pili ni kwamba pasiwe na dua ya miungu wala ubani wa kuwaita wasioitwa. Akaeleza kwamba walimu wake wa Kerala walikuwa wakifumba macho na kunong'ona maneno kabla ya kuanza, lakini yeye hakuyachukua maneno, alichukua kazi. La tatu lilikuwa letu na nafsi yetu, nalo ni kwamba hatutameza kitu.

Kuhusu kutibiwa na asiye Mwislamu, wanavyuoni wamekwisha kulizungumza. Mtume s.a.w. alipohama kwenda Madina pamoja na Abubakar r.a., aliyewaonyesha njia jangwani alikuwa Abdullah bin Urayqit, naye siku hiyo hakuwa Mwislamu. Waliyaweka maisha yao katika amana yake kwa sababu alikuwa mjuzi na mwaminifu. Mkandaji wa Rusinga alitaka shilingi 500 kwa siku, siku saba, akatuonya kwamba Jumamosi hafanyi kazi. Tukamwambia kwamba Ijumaa sisi hatuji. Basi siku saba zikawa tisa, yeye na Sabato yake, sisi na Juma yetu, na hapakuwa na ugomvi.

Kazi yenyewe ni hii. Mafuta ni ya ufuta, ambayo wazee wetu wa Lamu na Mombasa waliyaita mafuta ya uta, yaliyokuwa yakikamuliwa kwa shinikizo linalozungushwa na ngamia aliyefungwa macho. Wajaluo ufuta huuita nyim, nao ni chakula chao cha heshima. Kwa Kisanskriti mbegu hiyo ni tila, na kutokana na jina hilo likazaliwa neno taila, yaani mafuta, mafuta yoyote yale. Walioutunga utabibu huo waliona kwamba mafuta hasa ni ya ufuta, na mengine yote ni jamaa zake. Mkandaji wetu huyachemsha kwa moto mdogo pamoja na tangawizi, vitunguu saumu na majani ya mwarobaini, akayachuja. Huko Kerala, alituambia, mafuta ya mgongo hutiwa mitishamba mingi kuliko hiyo, ila ziwani haipatikani, naye hakupenda kubuni.

Bakuli la mafuta huwekwa ndani ya maji ya moto, haliwekwi motoni lenyewe, na kila mara huonja joto kwa kudondosha tone upande wa ndani wa mkono wake. Huanza kwa kupaka mwili wote, akivuta kwa mkono mrefu juu ya mifupa na kuzunguka kwenye viungo. Halafu huja lile jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Hukanda unga wa ngano kwa maji, akaufinyanga kuwa duara, kama ukuta wa kisima kidogo, akaubandika juu ya kiuno. Wenyewe India hutumia unga wa dengu nyeusi. Ndani ya kisima hicho humimina mafuta ya moto, yakakaa nusu saa, na yakianza kupoa huyachota kwa kijiko akatia mengine. Jina lake ni kati basti. Tulidhani ni Kiswahili, kwa kuwa kazi inafanyika katikati ya mwili. Kumbe kati kwa Kisanskriti ni kiuno, na mfanano ni wa bahati tu.

Kisha huja mvuke. Tulikalishwa juu ya kigoda, tukafunikwa blanketi na chungu cha majani ya mwarobaini miguuni, kichwa kikiachwa nje. Hapo ndipo inapotofautiana na nyungu yetu, ambayo humfunika mtu gubigubi. Mwisho hupakwa unga wa dengu ili kuyatoa mafuta, ndipo mtu akaoga maji ya moto. Tulipopakwa unga ule tulikumbuka singo la maharusi na wazazi wa kwetu, na namna mama zetu walivyokandwa kwa maji ya moto siku arubaini baada ya kujifungua. Hakuna aliyeliita jambo hilo utalii wala starehe.

Siku ya kwanza hatukuona tofauti, isipokuwa usingizi. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu maumivu yalizidi, tukawa karibu kuacha, na mkandaji akapunguza nguvu ya mikono bila kuambiwa. Siku ya tano tulitembea kutoka kwake hadi ufuoni pasipo kusimama. Siku ya saba, sala ya alasiri, tulikiondoa kiti. Tulishuka polepole, magoti, mikono, kisha paji. Mchanga wa Rusinga una chembe za simbi za konokono, na alama zake zilibaki usoni hata magharibi. Hatukusema kitu kwa mtu yeyote.

Sasa tuingie katika lile lililotushughulisha akili tulipokuwa tumelala kifudifudi, maana nusu saa ya kati basti ni ndefu na mtu hana la kufanya ila kufikiri. Sisi watu wa pwani maumivu ya viungo tunayaita baridi yabisi. Jina hili tunalitamka kila siku bila kulitazama. Ni Kiarabu, barid na yabis, baridi na kavu, na asili yake ni utabibu wa Kiyunani walioupokea madaktari wa Kiislamu, wenye kuugawa mwili katika damu, balghamu, safura na sauda. Sauda ndiyo iliyo baridi na kavu. Watabibu wa Kihindi hawahesabu vinne, huhesabu vitatu: vata, pitta na kapha, ambavyo kwa kukaribia ni upepo, nyongo na kohozi. Maumivu ya mgongo na viungo huyaweka aghalabu upande wa vata. Na vata wanaielezaje? Ni baridi, ni kavu, ni nyepesi, yenye kukwaruza na kutembea. Dawa yake ni kinyume chake, joto na mafuta.

Basi bibi wa Mji wa Kale anayepasha mafuta na kumkanda mumewe kwa sababu "ameingiwa na baridi" anafuata hoja ile ile ya tabibu wa Kerala, na huenda hakuna kati yao anayejua kwamba ana mwenzake ng'ambo ya bahari. Wala si ajabu. Zama za Bani Abbas, Yahya bin Khalid al-Barmaki aliamuru kitabu cha Sushruta kitiwe katika Kiarabu, na mwaka 850 Ali bin Rabban al-Tabari alipomaliza kitabu chake Firdaws al-Hikma aliitenga sehemu yake ya mwisho kwa utabibu wa Wahindi. Hata hijama ina jamaa yake huko, maana Sushruta ameeleza kutoa damu kwa pembe na kwa kibuyu. Na katika hadithi sahihi qust ya Kihindi imesifiwa kuwa ni tiba. Dawa za Kihindi zilizipita bandari zetu kabla ya yeyote kati yetu kuzaliwa, na mwarobaini unaotutia kivuli nao asili yake ni huko huko.

Lakini tunaomba tusifahamiwe vibaya. Mfanano wa majina si ushahidi wa uponyaji. Mtu wa Baghdad na mtu wa Kerala wanaweza kukubaliana juu ya ubaridi na ukavu, na bado diski ya baina ya pingili ya nne na ya tano ikawa imefura kwa sababu ya kukaa juu ya mkeka. Kinachothibitika ni kidogo kuliko nadharia, nacho kinatosha. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya kiuno, na miongoni mwa mambo liliyoyakubali ni mazoezi ya viungo, elimu ya kumsaidia mgonjwa ajitunze, na kukandwa. Hata dawa ya pilipili ya kupaka imo. Mikanda ya kufunga kiunoni haikupendekezwa. Wapo wasomaji wetu waliokwisha kuinunua, tunawajua.

Jambo la kumeza ndilo lililotukera Rusinga. Mama mzazi wa mwanafunzi wetu, bibi mwenye heshima aliyetupikia ngege kwa siku tisa, ana presha kwa miaka mingi na magoti yanayomlia. Wiki chache kabla yetu mchuuzi mmoja alipita akiuza unga mweusi kwenye chupa isiyo na karatasi, akiuita dawa ya Raila. Bibi aliununua, na kwa kuwa mchuuzi alisema unga haupatani na dawa za hospitali, aliviweka vidonge vya presha juu ya kabati. Mwanawe hakuwa na habari. Tuliambiwa sisi, kwa siri, kwa sababu sisi ni wageni na wazee wenzake, na alitaka tumwambie kwamba amefanya vyema.

Hatukumwambia hivyo. Ndani ya utabibu huo mna tawi liitwalo rasashastra, ambalo hutia madini katika dawa kwa makusudi, yakichomwa na kusagwa kwa njia zao, na miongoni mwa madini hayo ni zebaki na risasi. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Robert Saper walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za Kiayurveda zilizouzwa madukani katika eneo la Boston, na 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 walipima nyingine 193 zilizouzwa kwa intaneti, na takriban moja katika kila tano ilikuwa na mojawapo ya hayo. Hizo zilikuwa na karatasi, jina na anwani ya kiwanda. Chupa ya bibi haikuwa na chochote. Risasi ikizoeleka mwilini huharibu figo na mishipa ya fahamu, na hupandisha presha, nayo ndiyo maradhi aliyokuwa nayo tayari.

Tukamwita mkandaji aje amweleze, kwa kuwa neno lake lingepokewa kuliko letu. Alikuja akakaa chini, wakazungumza Kijaluo kwa muda mrefu, nasi hatukuelewa ila jina la Raila likirudiwa. Baadaye alitutafsiria: "Nimemwambia, Mama, mimi nilifundishwa na Wahindi wenyewe, na unga siuzi. Mafuta yakikudhuru utayaosha. Unga ukikudhuru utauosha na nini?" Bibi alikubali kuvishusha vidonge kutoka kabatini, na mwanawe akampeleka kupimwa presha, ikakutwa juu sana. Chupa hakuitupa. Aliihamisha tu, kutoka jikoni kwenda chumbani kwake, na tulipoaga ilikuwa huko. Mwanafunzi wetu anaandika kwamba bado iko, imefungwa, na kwamba mama anakandwa magoti kila Jumapili.

Tuliporudi Mombasa mgongo ulikaa salama wiki mbili, kisha maumivu yakarejea, si kama zamani, tuseme nusu yake. Tulikwenda hospitali kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, mwanamke kijana mwenye subira, tukamweleza kila kitu, hata duara la unga. Hakucheka. Alisema joto na kukandwa hulegeza misuli iliyojikaza kuulinda mgongo, ndipo mtu akaweza kufanya mazoezi, na kwamba mazoezi ndiyo yanayoushika mgongo usirudi ulikotoka. Akatupa manne ya kufanya asubuhi, akatukataza kukaa mkekani zaidi ya nusu saa bila kuinuka. Sasa tunasomesha tukiwa tumesimama, na wanafunzi wameanza kutuogopa zaidi.

Alitutajia pia dalili ambazo zikitokea mtu asingoje mafuta wala mkandaji, aende hospitali saa ile ile: ganzi sehemu za siri na baina ya mapaja, kushindwa kuzuia mkojo au choo, mguu kupoteza nguvu, au maumivu yanayoandamana na homa na kukonda. Mwenye kisukari ambaye nyayo zake hazihisi vizuri asipakwe mafuta ya moto na mtu asiyelijua hilo, kwani ataungua asijue. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usikandwe, huenda ni damu iliyoganda. Mkandaji wa Rusinga alikuwa akiuliza mambo haya kabla ya kumlaza mtu, na sisi tulidhani ni udadisi.

Tulimwuliza pia kuhusu chakula. Alisema kwamba walimu wake walimkataza samaki pamoja na maziwa, na kwamba pale kisiwani hakuna aliyemsikiliza. Bibi yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitukataza jambo hilo hilo tukiwa watoto, wala hakuwahi kufika Kerala.

Ramadhani imekaribia, na wengi msikitini wanatuuliza kama tutasalisha tarawehe. Hatutasalisha. Tutasali rakaa nane kwa miguu, na zilizobaki juu ya kiti, na sajda ya witri, inshaallah, chini. Mafuta tunayapata kwa mkamuaji wa Kongowea, na mwenzetu wa nyumbani huyapasha ndani ya maji ya moto, akionja tone mkononi kama tulivyomweleza. Chupa ya pili imefika nusu, na ameanza kuidai ya kwake, maana magoti yake nayo, anasema, yameingia baridi.